Nilivyomwonjea Chef Merle

Wanjiku, wewe ndiye uliyeyataka haya. Siku nilipokuwa nafunga visu vyangu kwenye kitambaa ulisimama mlangoni mwa chumba cha samaki ukaniambia, "Auntie, hizi stori zako si uziandike? Ukienda nazo Tanga sisi tutabaki tukibahatisha tu." Nikakujibu kwamba mikono yangu inajua magamba, haijui kalamu. Lakini sasa niko nyumbani Makorora, nimeshapanga makabati, nimeshagombana na fundi wa paa mpaka tumepatana, na hakuna anayeniletea kreti la samaki asubuhi. Basi naandika. Habari za vyeo na mishahara mtaniwia radhi, wewe na wenzako wa jikoni, kila mtu anazo zake na hazimfundishi mwenzake kitu. Nitaandika habari za jiko letu, za changu mzima, na za mtu aliyenifundisha kumpika.

Nilifika Doha katika joto lililotufanya hata sisi watu wa pwani tusalimu amri. Mume wangu alikuwa amefariki, watoto hatukujaliwa, na dada yangu Saumu ndiye aliyenisindikiza mpaka uwanja wa ndege. Kazi yangu ya kwanza hotelini ilikuwa kuosha masufuria. Yalikuwa masufuria makubwa kiasi kwamba mengine niliyaosha nikiwa nimeingiza kichwa ndani, na mtu akiniita jina langu lilinirudia kama mwangwi wa kisimani. Msimamizi wetu, Mhindi mmoja wa Kerala, mtu mpole, akaniuliza kama naogopa samaki. Nikamwambia nimezaliwa Tanga. Hakujua Tanga ni wapi, lakini nadhani alielewa namna nilivyoitamka.

Akanipeleka chumba cha samaki. Mnakijua: meza ya chuma, bomba, mfereji sakafuni, na baridi inayopenya soli za viatu. Nje watu wanaungua, wewe ndani umevaa sweta. Samaki waliokuja kwa wingi walikuwa wale ambao Doha wanaitwa hamra, na kwetu ni changu wekundu. Niliwapara, nikawatoa matumbo na matamvua ya mashavuni, nikawakabidhi kwa wenzangu wakawatoa minofu. Wageni wa wakati ule walitaka mnofu mtupu, usio na mwiba wala jicho. Vichwa vilikwenda kwenye pipa. Mimi niliyekulia nyumba ambayo kichwa cha changu kinagombewa nilivitupa huku nimegeuza uso.

Tulilala Al Thumama, wanne chumba kimoja, karibu na uwanja wa ndege. Ndege zilipita juu ya paa zikishuka na kupaa, na kila mmoja kitandani kwake alizipangia safari ya kwao. Nilikaa hivyo muda mrefu, samaki mchana na ndege usiku, mpaka hoteli ilipofungua mkahawa wa vyakula vya visiwa vya Karibi, na Chef Merle akaja kuuongoza.

Alikuwa mwanamke mrefu, mweusi kama sisi, mwenye mabega ya mtu aliyezoea kubeba vyake mwenyewe. Nilidhani ni wa Mombasa. Nikamwamkia kwa Kiswahili, "Habari za asubuhi, dada." Akacheka, akanijibu kwa Kiingereza cha kuimbaimba ambacho nilikipata nusu. Akaniambia anatoka Grenada, kisiwa kidogo upande wa pili kabisa wa Afrika, bahari ya Karibi, kisiwa kilichojaa kungumanga. Nikamwambia hata sisi tunazo kungumanga. Akanitazama kana kwamba nimemwibia.

Kisha akamwinua samaki niliyemsafisha. Alimfungua mashavu, akapeleka pua yake ndani kabisa, akavuta pumzi taratibu. Hakuna shombo, alisema, kazi safi. Halafu akauliza mapezi yako wapi. Nikamwonyesha pipa.

"Zuhura," alisema, maana jina langu alikuwa amelisoma kifuani, "huyu anakwenda mezani kama bwana harusi. Bwana harusi havuliwi viatu."

Tangu siku hiyo samaki wetu walitoka wazima, kichwa, mapezi na mkia, na mimi nikahamia upande wake wa jiko.

Sasa mapishi, kwa sababu najua kuna wanaoruka mistari wakiyatafuta. Chagua samaki anayetosha sahani bila mkia kuning'inia. Mwoshe kwa ndimu na chumvi ya mawe, msugue mpaka utelezi uishe, msuuze, halafu mkaushe kwa kitambaa kikavu ndani na nje. Hapa ndipo wengi mnapofanya haraka. Maji yakibaki, mafuta yatawarukia, na ngozi itaganda kwenye karai. Mchanje mara tatu kila ubavu, kisu kiguse mwiba wa kati bila kuukata. Kiungo chake cha kijani ni kitunguu majani, kitunguu saumu, kotmiri, pilipili mbuzi iliyotolewa mbegu, ndimu, na thaimu nyingi. Twanga kwenye kinu. Mashine inayapasha majani moto yanakuwa meusi, na Chef Merle alisema rangi ile ni ya dawa ya mifugo. Shindilia kiungo kwenye michanjo, tumboni, na ndani ya mashavu. Mwache kwenye baridi tangu asubuhi mpaka jioni. Mkaange kwenye mafuta mengi, umgeuze mara moja tu. Juu yake mwagia mchuzi wa siki: vitunguu vya duara, karoti, pilipili hoho, zile mbegu za visiwani zinazofanana na pilipili manga lakini zinanukia karafuu na mdalasini kwa pamoja, na pilipili mbuzi nzima inayoelea bila kupasuka. Ikipasuka, mwombe mgeni msamaha mapema.

Hiyo thaimu ilinitia aibu mara ya kwanza. Alinituma stoo, nikaona majani yameandikwa zaatari, jina ambalo kwetu ndilo la thaimu, nikajua ndiyo, nikarudi nayo kifua mbele. Kumbe ni ile ya Waarabu iliyochanganywa na ufuta. Chef Merle akaitia mkononi, akainusa, akasema itafaa sana kwa mkate. Hakuniaibisha mbele ya watu, lakini kwa wiki nzima kila akiniona alikuwa ananiuliza kama mkate umeiva.

Kwao, kiungo kile kina jani lingine, pana, lenye meno pembeni, ambalo Doha halikupatikana. Alitumia kotmiri badala yake. Kila alipoitia kwenye kinu alisema, "Huyu ni binamu yake tu." Alisema hivyo kila siku ya Mungu, hata akiwa na haraka, na ilinichukua muda kujua kwamba hasemi na mimi.

Alipanga chumba Al Mansoura, juu ya duka la fundi cherehani. Siku yetu ya mapumziko nilipanda basi kumfuata, tukazunguka maduka ya mtaa ule tukitafuta pilipili mbuzi zilizokuja kwa ndege kutoka Uganda, ndizi za kupika, na nazi za Wakerala. Alikuwa mnunuzi msumbufu. Nazi moja aliitikisa sikioni mpaka mwenye duka akamuuliza kama inaita. Siku ya kwanza nilipokula kwake nilimkuta amepika wali na mbaazi za nazi. Nikaweka kijiko chini. Nikamwambia hizi mbaazi ni chakula chetu, Saumu huzila asubuhi na maandazi. Hakuamini. Alidhani mbaazi ni za kwao peke yao. Tukakaa na sahani zetu tukitazamana kama ndugu waliolelewa na mama tofauti wakagundua wana kovu moja.

Siku hiyo alinihadithia nyumba yao. Mama yake alipanda thaimu chini ya dirisha la jikoni, na kila aliyepita uani aliikanyaga, hivyo nyumba nzima ilinukia. Mama alikuwa amekufa wakati yeye yuko kazini kwenye meli ya watalii, hakuwahi maziko. Dada yake ndiye aliyebaki pale. Nilimuuliza kwa nini harudi. Akasema atarudi, na akasema nijibu na mimi swali hilohilo. Nikasema nitarudi. Tukamaliza wali.

Ikaja korona. Mkahawa ukafungwa, wenzetu wengi wakarudishwa kwao, sisi tuliobaki tukawa tunapakia chakula kwenye maboksi kwa ajili ya watu waliokuwa karantini vyumbani. Chef Merle akaugua. Walimtenga siku nyingi, na mimi nikawa nampigia simu nikisikiliza kikohozi chake zaidi ya maneno. Alipotoka alikuwa amepungua lakini anatembea wima, na mkahawa ulipofunguliwa tena alikuwa wa kwanza kuvaa aproni.

Nilianza kuona mambo madogo. Sahani zilirudi, wahudumu wakisema chumvi imezidi. Kesho yake zilirudi zingine, haikutiwa kabisa. Aliacha kusema ile habari ya binamu. Niliona pia kwamba harambi tena kijiko haraka kama zamani. Alikishikilia mdomoni, macho yametulia ukutani, kama mtu anayesubiri kuitwa.

Asubuhi moja niliingia jikoni nikasikia uchachu tangu mlangoni. Tui la nazi lilikuwa limelala nje ya friji. Chef Merle alikuwa ameinamia bakuli lenyewe, pua inakaribia kugusa, na akaniambia nilimimine kwenye wali.

"Chef," nikasema, "tui limechacha."

Aliliweka bakuli chini polepole. Akajifuta mikono ambayo haikuwa na kitu, akaenda chumba cha samaki. Nilimfuata nikafunga mlango. Alikuwa amesimama karibu na meza ya chuma, ameshika ukingo wake.

"Hakuna kitu, Zu. Tangu homa, hakuna. Nimeng'ata kitunguu kama tunda, machozi yakanitoka, na sikusikia chochote. Nakula udongo."

Nikamuuliza daktari anasemaje. Daktari alisema kuna wanaorudiwa, asubiri. Nikamuuliza nani mwingine anajua. Akatikisa kichwa. Mpishi asiye na ulimi, alisema, ni kama dereva asiye na macho. Wakijua watamkatia tiketi, na atarudi kwao kufanya nini, aingie jiko la mama yake akiwa hivi?

Nilianza kupanga samaki kwenye barafu kwa sababu mikono yangu haikai. Nilipofika safu ya pili akasema kwa sauti ndogo, "Nionjee."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Yeye alipika kama kawaida, mimi nikasimama upande wa bega lake la kulia na kopo la vijiko. Mara ya kwanza nilionja mchuzi wa siki, nikamwambia mzuri. Akasubiri niendelee. Nikamwambia mzuri sana. Akanishika mkono.

"Mzuri si ladha, Zu. Mzuri ni adabu. Niambie kilichomo."

Wadogo zangu, jaribuni leo. Tieni kitu mdomoni mumweleze mtu ambaye hawezi kukisikia. Nilishindwa. Nilijua kula, sikujua kusema. Kiingereza changu kilikuwa cha jikoni, maneno ya moto, kata, lete. Basi nikawa namwambia kwa Kiswahili halafu tunatafuta njia. Nikamwambia uchachu huu unakuja kwanza, pembeni ya ulimi, unakufanya ukunje shavu moja. Baadaye sana ndipo utamu wa karoti unafika, kama mtu aliyechelewa anaomba radhi. Ukakasi kidogo, siki haijaiva, iache dakika. Muwasho uko kooni, haujapanda midomoni. Aliuliza maswali ya ajabu, kama vile chumvi iko juu au chini. Nikaonja tena, nikakuta kweli kuna chumvi ya juu, inayokugusa na kuondoka, na kuna ya chini, inayobaki. Nilikuwa nimekula chumvi maisha yangu yote sikuwahi kuijua hiyo.

Mwisho aliuliza swali moja kila siku, kabla sahani ya kwanza haijatoka. "Ni ileile?" Alikuwa na maana ladha ile aliyonipa siku za mwanzo, kabla ya homa. Hakukuwa na mtu mwingine duniani wa kumuuliza. Nilionja tena, nikafikiri, na nikajibu kweli. Siku nyingine nilimwambia bado, ongeza ndimu. Siku nyingi nilimwambia, ileile.

Nilimwambia pia kwamba sisi kwa lugha yetu harufu tunaisikia, kama sauti. Alilipenda hilo. Akaanza kusikiliza jikoni kuliko nilivyowahi kuona mtu akisikiliza. Aliinamisha kichwa juu ya karai, na mafuta yalipobadilisha mlio, yakatoka kwenye kelele yakawa mnong'ono, alisema mgeuze, na samaki alikuwa tayari. Nyinyi mlionikuta mimi nikifanya hivyo mlidhani ni mzaha wa uzee. Nilijifunza kwake.

Siku ya mapumziko tuliendelea kwenda Al Mansoura, lakini kwake palikuwa pamenyamaza. Nilimkuta siku moja amekaa karibu na dirisha, anafikicha thaimu kwenye vidole, anavuta pumzi, anafikicha tena. Akaniambia kitu ambacho sijakisahau.

"Nikifumba macho nyumba naiona. Dirisha naliona, mama namwona amesimama. Lakini hanukii kitu. Amekuwa picha tu."

Nikamwomba vidole vyake, nikavinusa. Nilitafuta maneno kwa muda mrefu. Nikamwambia inanukia vumbi lililopigwa na mvua ya kwanza. Inanukia kabati la mtu safi, nguo zimekunjwa. Na nyuma kabisa kuna kama ganda la ndimu lililokauka juani. Alikuwa amefumba macho. Alisema, "Mama alikuwa mtu safi." Akanipa tawi jingine, nikalinusa na hilo, nikamwambia tena, na akaniomba tena, mpaka tukamaliza fungu zima na chumba chote kikanukia, kwangu mimi.

Tungeendelea hivyo, sijui mpaka lini. Lakini alikuja mpishi mkuu mpya wa hoteli, mtu wa haki, asiyecheka ovyo, na akataka kuonja vyakula vya kila mkahawa kabla ya kupanga menyu mpya. Alikaa kwenye meza yetu mchana, mkahawa haujafunguliwa. Tulimletea changu. Mimi nilisimama nyuma na kopo langu la vijiko, na tulikuwa tumekubaliana kwamba nikigusa aproni maana yake ndimu, nikigusa kofia maana yake chumvi. Nikikumbuka sasa naona tulikuwa kama watoto wanaoibia mtihani.

Mpishi mkuu alitengeneza mabakuli mawili ya mchuzi mwenyewe, kutoka sufuria yetu, akatia kitu kwenye moja. Hakuwa anashuku, nadhani. Ndivyo alivyozungumza na wapishi wenzake. Akamsogezea Chef Merle vijiko viwili akamuuliza upi anaupenda.

Nilianza kuinua mkono, lakini Chef Merle hakunitazama. Alionja cha kwanza, akaonja cha pili, akaviweka vyote juu ya meza, sambamba, kwa uangalifu.

"Sijui," alisema. "Tangu nilipougua sisikii ladha wala harufu. Anayeonja ni Zuhura. Mikono ni yangu na masikio ni yangu. Kilichobaki ananiambia yeye."

Mpishi mkuu alivuta sahani ya samaki akaanza kula kwa vidole, akatoa nyama ya shavuni kwa kijiko, akala mpaka upande mmoja ukaisha. Halafu akaniuliza mimi kimepungua nini. Nikamwambia ndimu, kidogo. Za wiki hii zilikuja zimezeeka. Akakubali kwa kichwa. Akamgeukia Chef Merle, akamwambia samaki huyu atabaki kwenye menyu, na kwamba yeye hakuwahi kukutana na jambo kama hili na hajui ofisi itasema nini.

Ofisi ilichukua muda kusema. Tulifanya kazi miezi kadhaa bila kujificha, naye akawa ananiita kwa sauti mbele ya wote, "Zu, njoo unionjee," na vijana wakazoea. Kisha mkataba wake ukafika mwisho. Walimwambia kwa heshima kwamba kiongozi wa jiko lazima aweze kuonja, lakini kuna nafasi ya kusimamia usafi wa stoo na mafunzo, akitaka. Alinieleza tukiwa tunapara samaki. Alisema hawezi kukaa jirani na jiko akipitiwa na sahani mlangoni. Heri aende mbali kabisa. Sikumbembeleza. Nilitaka sana kumbembeleza.

Uwanja wa ndege ni karibu na kwetu, nikamsindikiza. Hakupenda watu wanaolia hadharani, kwa hiyo tulizungumza habari za mizigo. Watu wa ndege yake walipoitwa alinikumbatia, akaweka pua yake shingoni mwangu, akavuta pumzi.

"Hakuna," alisema.

Akavuta tena, kwa muda mrefu zaidi. Halafu akaniachia akaenda. Nilirudi Al Thumama nikakaa kitandani. Ndege zikapita, moja baada ya nyingine, na sikujua ipi ni yake.

Nilibaki na jiko. Wewe Wanjiku ulikuja baada ya hapo, na mengine mnayajua. Wakati wa Kombe la Dunia alikuja mgeni mmoja wa visiwa vile, akala changu, akaniita mezani. Akaniuliza mimi ni wa kisiwa gani. Nikamwambia Tanga. Alicheka, kisha akakitazama kichwa cha samaki kwenye sahani, na nikamwacha peke yake kwa sababu uso ule nilikuwa naujua. Baadaye menyu ilibadilishwa, mkahawa ukawa wa vitu vingine, na changu akarudi kuwa mnofu. Mimi niliendelea kumpika kwa ajili yenu wafanyakazi, siku za baraka. Miguu ikachoka, nikafunga visu.

Nilipokuwa Doha, Wanjiku, ulinisikia kila siku nikiitaja Tanga. Sasa niko Tanga, na nikiamka najikuta nasikiliza mashine ya barafu. Naenda soko la samaki, nawafungua mashavu, wauzaji wananijua wanacheka. Changu hapa ni wabichi kuliko tuliowahi kupata kule, wengine bado wanapiga mkia. Nawasifu, na moyo unauliza kreti liko wapi, na nyinyi mko wapi mmevaa masweta yenu.

Ijumaa moja nilimpikia Saumu chakula cha mchana. Kiungo nilikitwanga kwenye kinu cha mama yetu. Thaimu nilipata kavu tu, dukani. Siki yetu ni kali, na nilipikia jiko la kuni kwa sababu gesi iliisha katikati. Saumu alikula, akasifu, akasema lakini ungetia tui. Nikamwambia bahati yako sina nguvu za kugombana. Akaenda kulala kidogo. Mimi nilibaki na samaki wangu kwenye sahani, na simu ikalia.

Chef Merle hupiga saa zile, kwao ndiyo kumekucha, jogoo wanawika nyuma yake. Nilimwona kwenye kioo amekaa uani kwa dada yake, kichwa kimejaa mvi. Pua haijarudi. Siku mojamoja anasikia mafuta ya taa, na alisema kati ya vitu vyote duniani, hayo ndiyo yaliyoamua kumrudia. Aliniambia dada yake humpikia changu kila Jumapili na wote humtazama akila, naye huwaambia ni mtamu. Kisha akaona sahani yangu. Akaniomba nisogeze simu.

Nikatia tonge mdomoni. Alisubiri. Nikamwambia uchachu unakuja mapema mno, siki ya hapa haina subira. Nikamwambia thaimu iko mbali, na kuna moshi wa kuni ndani ya ngozi, ambao hatukuwahi kuwa nao. Nyama ina utamu wa samaki wa leo asubuhi.

"Ni ileile?" akauliza.

Nilionja tena. Nilitafuta ile ya Doha, ile aliyonipa mwenyewe, na kwa mara ya kwanza sikuwa na hakika kwamba bado ninayo.

"Hapana, Chef. Si ileile."

Jogoo aliwika kwao. Nilidhani atanyamaza, au atalia, maana mimi nilikuwa karibu kulia. Yeye akainamisha kichwa kidogo, vile alivyokuwa akifanya juu ya karai.

"Lakini ni mtamu?"

"Mtamu."

"Basi kula, Zu. Kula kabla hajapoa."

Nikala. Hakukata simu mpaka ilipobaki miiba.